Upande B Uliopotea: Wasakaji wa Kanda za Kwaya na Swali la Matini katika Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi ya wapenzi wa muziki wa injili wanaosaka kanda za kwaya za Kiswahili za miaka ya 1970 hadi 1990 ambazo hazitolewi tena. Yanadai kwamba wasakaji hao wanafanya uhakiki wa matini ambao taaluma ya fasihi ya Kiswahili imeupuuza, na kwamba msisitizo wao juu ya rekodi ya kwanza unatikisa imani tuliyoizoea kuhusu utendaji katika fasihi simulizi. Yanapinga, hata hivyo, hukumu yao kwamba nyimbo za zamani zilikuwa bora kwa sababu zilikuwa na ujumbe.

Utangulizi

Anayesaka kanda ya kwaya ya miaka ya 1980 mara nyingi hana hata jina la kanda anayoitafuta. Ana kipande cha kiitikio. Ana sauti ya mwanamke aliyekuwa akianzisha, au mlio wa gitaa la besi uliotangulia maneno, au kumbukumbu ya karatasi ya jalada yenye watu waliovaa majoho na kupangwa kwenye ngazi za kanisa. Kwa vitu hivyo vichache huzunguka kwa wauza kanda waliosalia, huwauliza wazee wa kanisa, humpigia simu shangazi aliyewahi kuimba sauti ya pili Tabora au Mwanza, na pengine, baada ya miaka, hupata kaseti isiyo na jalada ambayo mkanda wake umekunjamana kwa kuliwa na redio. Huukaza kwa kalamu, akaisikiliza, na aghalabu neno la kwanza analolitamka halihusu uzuri wa wimbo. Husema: "Hii siyo."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyozaa makala haya. Anayesema "hii siyo" amelinganisha matini mbili, moja iliyo mkononi na nyingine iliyo kichwani, akaiona tofauti, akatoa hukumu kuhusu ipi ni halali. Katika taaluma yetu kazi ya namna hiyo ina jina na ina heshima. Tuliifanya kwa Al-Inkishafi, ambayo nakala zake zinatofautiana. Tuliifanya kwa Muyaka: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi akishirikiana na W. E. Taylor alikusanya Mombasa mashairi yaliyokuwa yamebaki vinywani mwa watu miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki, na mkusanyo huo ndio uliomwezesha Hichens kuitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Sijapata kumsikia mtu akiuliza kama Mwalimu Sikujua alikuwa mtaalamu au shabiki tu wa Muyaka.

Kwa msakaji wa kanda za kwaya swali hilo huulizwa, na hujibiwa dhidi yake. Wakati huohuo mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu kuhusu nyimbo za injili hunukuu maneno aliyoyasikia katika video ya juzi, huandika jina la kwaya na mwaka ambao video hiyo iliwekwa kwenye intaneti, na wasimamizi wake huipitisha. Hatumwulizi ni rekodi ipi, ya mwaka gani, iliyoimbwa na kizazi kipi cha kwaya ileile. Nasema "hatumwulizi" kwa kuwa nami nimepitisha tasnifu za aina hiyo zaidi ya mara moja. Utenzi ukinukuliwa bila kutaja nakala, sisi haohao tungeurudisha kwa wino mwekundu.

Kanda kama chapa

Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ilipoenea Afrika Mashariki ilikuta mazingira ambamo kurekodi kulikuwa kwa wachache. Santuri ilihitaji kampuni na mtambo. Nchini Tanzania mlango mkuu wa studio ulikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na wanamuziki waliotaka sauti zao zichapwe kwenye santuri walivuka mpaka kwenda Nairobi. Makanisa yalikuwa na njia yao: studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi iliandaa vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya kituo cha redio cha Kilutheri cha Addis Ababa, kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1963 na kutaifishwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977. Kwaya iliyorekodiwa kwa njia hizo ilisikika mbali, lakini haikumilikiwa na msikilizaji. Ilipita hewani ikaondoka.

Kaseti ilimpa msikilizaji kitu cha kushika. Kwaya ya usharika iliyochanga fedha iliweza kurekodi kwa siku moja au mbili, kupata kanda kuu, na kuipeleka kudurufiwa. Kutoka hapo nakala zilifuata njia za biashara: Kariakoo, River Road, stendi za mabasi, meza ya vitabu nje ya kanisa baada ya ibada. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa vituo binafsi nchini Tanzania, kanda hizo zilipata pia redio mpya zilizohitaji nyimbo za asubuhi ya Jumapili.

Umbo la chombo liliingia katika umbo la matini. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na dakika hizo hutosha nyimbo nne au tano. Walimu wa kwaya waliotunga kwa ajili ya ibada, ambako wimbo huongezwa ubeti kadiri Roho anavyoongoza na kadiri sadaka inavyochelewa kukusanywa, walijikuta wakitunga kwa saa. Upande A ulipewa wimbo uliobeba jina la kanda. Upande B uliwekewa vile ambavyo kwaya iliviona havitauza: simulizi ndefu za Biblia, wimbo wa lugha ya nyumbani, ombolezo la mwanakwaya aliyefariki. Kwa mtafiti wa fasihi upande B ndio hazina. Kwa mwenye kudurufu kwa magendo, ndio uliokatwa kwanza.

Inafaa kulinganisha na taarab. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na leo sauti yake ina wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, ina sura katika vitabu vya kitaaluma, na taarab ya waliomfuata imetolewa upya kwa maelezo ya kina katika mfululizo wa Zanzibara uliosimamiwa na Werner Graebner. Au tuitazame Missa Luba, misa ya Kilatini iliyotayarishwa na Padri Guido Haazen huko Kamina, Katanga, na kurekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Imetolewa tena na tena kwa kuwa masikio ya Ulaya yaliipenda, na kipande chake kimoja kiliingia katika filamu ya Uingereza mwaka 1968. Kamina ni nchi ya wasemaji wa Kiswahili pia, lakini kilichohifadhiwa kwa uangalifu huo ni Kilatini. Kwaya za Kiswahili za kizazi kilichofuata zilikuwa na wasikilizaji wengi zaidi katika eneo lote hili, ila wasikilizaji hao hawakuwa na kampuni za kutoa upya chochote. Kitabu cha Gregory Barz cha mwaka 2003 kuhusu kwaya za Tanzania kilifungua mlango, kwa upande wa muziki. Upande wa maneno bado tumekaa kizingitini.

Katalogi ya J. W. T. Allen ya mwaka 1970, iliyoorodhesha hati za Kiswahili na Kiarabu katika maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, ilitaja kanda za sauti tangu kwenye jina lake. Maana yake ni kwamba waasisi wa taaluma hii hawakuona haya kuiweka kanda kando ya hati. Tulikuja kuona haya baadaye, na sidhani sababu ilikuwa ya kinadharia. Kanda ya kwaya ilikuwa inauzwa stendi.

Tajiri anayekatwa kauli

Nina nakala mbili za wimbo mmoja unaosimulia habari ya tajiri na Lazaro, kisa cha sura ya 16 ya Injili ya Luka. Kwaya iliyouimba haijaniruhusu kuitaja, nami naiheshimu. Nakala ya kwanza niliinunua kwa muuza kanda aliyekuwa akifunga biashara. Ya pili alinisikilizisha mama mmoja mstaafu wa kwaya hiyo, nyumbani kwake, kwenye redio yake mwenyewe.

Katika nakala ya muuzaji, wimbo ni wa mwisho upande A. Tajiri yuko motoni. Anaomba tone la maji, ananyimwa. Anaomba Lazaro atumwe kwa ndugu zake watano ili wasije wakafika mahali hapo. Sauti ya besi inalirudia ombi hilo mara mbili, ya kwanza ikiitikiwa na wanawake, na kabla ya itikio la pili mkanda unakwisha. Nilikuwa nimeukariri wimbo huo hivyo tangu utotoni, nikiamini kwamba ndivyo ulivyotungwa. Katika nakala ya mama yule kuna ubeti mwingine mzima: Ibrahimu anajibu kwamba hao ndugu wanao Musa na manabii, na kwaya yote inaingia kwa pamoja kumwunga mkono.

Tofauti hiyo ni ya maana, siyo ya urefu tu. Wimbo wenye jibu ni mahubiri. Mamlaka yanasema neno la mwisho, hadhira inapewa kazi ya kufanya, na tajiri anasahaulika mara tu anapokwisha kutumika kama mfano. Wimbo usio na jibu ni tanzia. Tunamwacha mtu akiwaombea ndugu zake, na ombi lake, ambalo ndilo tendo lake pekee la huruma katika kisa chote, linabaki hewani. Msikilizaji wa nakala iliyokatwa humhurumia tajiri; nimewauliza wenzangu wa rika langu waliokua na nakala hiyo, na zaidi ya mmoja alikiri kwamba utotoni alimlilia. Hakuna mwalimu wa kwaya aliyekusudia hilo. Aliyelitunga, ikiwa neno kutunga linafaa, ni fundi wa kudurufu aliyetumia kanda fupi ili aokoe shilingi chache.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuja baadaye. Katika usharika mmoja wa mbali na kwaya asilia, wimbo huo huimbwa ibadani mpaka leo, nao huishia kwenye ombi. Walijifunza kwa kaseti. Mwalimu wao aliona kwamba mwisho huo unaning'inia, akauongezea kimya cha makusudi kabla ya kiitikio. Kosa la fundi limekuwa ujuzi wa utendaji. Mhariri wa hati za kale angelitambua mara moja: mnakili ameruka mstari, na mnakili wa pili amelitengeneza pengo likawa na maana.

"Ile ya kwanza"

Nadharia tulizorithi zinatuelekeza kupuuza ugomvi wa aina hii. Albert Lord, katika kitabu chake cha 1960 kuhusu wasimulizi wa tendi, alitufundisha kwamba katika mapokeo ya mdomo kila utendaji ni wa asili kwa nafsi yake, na kwamba kuuliza maneno ya kwanza yalikuwa yapi ni kupeleka maswali ya vitabu mahali pasipo vitabu. Ruth Finnegan, mwaka 1970, alikazia kwamba fasihi simulizi haipo nje ya tendo la kuwasilishwa. Ni mafunzo mazuri na nimeyafundisha kwa miaka mingi. Kwa mujibu wake, shabiki anayekataa rekodi mpya ya wimbo wa zamani, ilhali imeimbwa na kwaya ileile na pengine mwanzilishi yuleyule, anafanya kosa la kifalsafa: anaabudu tendo moja kati ya matendo mengi yaliyo sawa.

Naona shabiki ana hoja kuliko sisi. Lord aliwasikiliza waimbaji ambao kila usiku waliunda upya. Kwaya ya Kiswahili ya miaka ya 1980 ilikuwa na daftari la nyimbo, mara nyingine na nota za solfa, na mazoezi ya Jumatano na Ijumaa ambamo mwalimu alirudisha mstari mpaka utoke kama alivyoutaka. Ilipoingia studioni ilikwenda kuimba ule uliokubaliwa, haikwenda kubuni. Kisha kaseti ikafanya ambalo daftari halikuweza: ikapeleka umbo hilo moja, pamoja na pumzi zake na kikohozi cha mtu wa sauti ya tatu, katika nyumba zisizohesabika, ambako lilisikilizwa mara mia kwa namna ileile. Karin Barber ameonyesha, katika kitabu chake cha 2007, kwamba jamii zenye fasihi ya mdomo nazo huyafanya maneno yadumu, yaweze kushikwa na kurudiwa nje ya wakati wake. Kanda ya kwaya ni mfano ulio wazi wa jambo hilo. Hadhira yake inafahamu kwamba wimbo uliimbwa kwingi, na bado inaishika rekodi moja kama msahafu.

Kwa hiyo anaposema "hii siyo", shabiki hakatai kwamba kwaya ina haki ya kuimba upya. Anasema kwamba kuna matini mbili zenye jina moja. Rekodi mpya, ambayo kwa kawaida imepigwa kwa kinanda kilichopangiwa mdundo mapema, huondoa maneno ya utangulizi yaliyosemwa bila kuimbwa, hupunguza beti za simulizi, na huongeza marudio ya kiitikio. Kama ingekuwa riwaya tungeiita toleo lililofupishwa, na tungedai jambo hilo liandikwe kwenye jalada.

Mkazo na lafudhi

Kuna sababu nyingine ya kuisaka rekodi ya kwanza, nayo inawahusu zaidi wanaisimu. Vitabu vya nyimbo vilivyotangulia kwaya hizi, kama Tenzi za Rohoni na sehemu kubwa ya Mwimbieni Bwana cha KKKT, vimejaa tafsiri zilizowekwa kwenye tuni za Ulaya na Marekani. Mistari ya tuni hizo mara nyingi huishia kwenye pigo zito, kwa kuwa lugha zilizozizaa zina maneno mengi ya silabi moja ya kufungia mstari. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake tunayafahamu sote tuliosimama kanisani: "mwokozi" hugeuka mtu mwenye mkazo kwenye -zi, na "milele" hukokotwa kwenye -le ya mwisho mpaka pumzi ziishe.

Katika kanda za watunzi wa kwaya wenyewe mara nyingi husikika jambo tofauti: sauti inapanda kwenye silabi yenye mkazo na kushuka kwenye ile ya mwisho, kama mtu anavyosema. Maneno yanaiongoza tuni. Hili haliwezi kuthibitishwa kwa maandishi ya wimbo, na solfa hulionyesha nusu nusu tu. Katika rekodi mpya nilizolinganisha na za kwanza, ambazo ni chache, mdundo wa kinanda umevivuta baadhi ya viishio kurudi kwenye silabi ya mwisho. Anayechunguza uhusiano wa lugha na muziki kwa kutumia rekodi hizo atahitimisha kwamba mtunzi hakujali mkazo, na atakuwa amemsingizia.

Hapohapo ndipo wasakaji wanapolikosea somo hili. Wanapoyaandika maneno ya nyimbo ili wapeane, huyasahihisha. Kwaya ya Usukumani inayotamka l mahali pa r huandikiwa r. "Kwaya imekosea", wanasema, kwa nia njema kabisa. Nyimbo zilizorekodiwa Tabora, Mwanza, Bungoma au Bukavu zinabeba Kiswahili kilivyosemwa katika sehemu hizo wakati huo, pamoja na upatanisho wa kisarufi ambao shule ingeupiga mstari. Shabiki huilinda sauti kwa wivu, kisha katika maandishi huifuta kwa upendo. Sisi, kwa upande wetu, tumekuwa tukitumia maandishi hayo.

Neno "kwetu"

Mfano wa Ulyankulu unaonyesha kinachopotea kanda inapotenganishwa na mahali pake. Ulyankulu, mkoani Tabora, ni mojawapo ya makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Kutoka hapo ilitokea kwaya iliyojulikana kwa anwani yake, Barabara ya 13, ambayo kanda zake zilivuka mipaka na ni miongoni mwa zinazotafutwa sana leo.

Katika nyimbo za kwaya kwa ujumla, "kwetu" ni mbinguni. Ni sitiari iliyozoeleka kiasi kwamba haisikiki tena kuwa sitiari. Lakini neno hilo likitoka kinywani mwa watu waliofukuzwa kwao linabeba mambo mawili kwa pamoja, na mwimbaji hahitaji kuonyesha ni lipi kati ya hayo. Msikilizaji wa Nairobi alisikia mbinguni. Msikilizaji wa makazini alisikia mbinguni na ng'ambo ya mpaka. Kisha mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia zaidi ya 160,000 kati ya wakimbizi wa 1972 na watoto wao, na kanda ileile, bila kubadilika hata sauti moja, ikapata maana ya tatu kwa wajukuu wanaoisikiliza wakiwa raia wa hapohapo ilipoimbwa. Hakuna usomaji wa aina hii unaowezekana iwapo wimbo utatufikia kama faili lenye jina la kiitikio na maneno "nyimbo za zamani". Karatasi ya jalada, yenye jina la kanisa, sanduku la posta na wilaya, ni sehemu ya matini.

Kosa la mwenye kumbukumbu

Nimewatetea wasakaji vya kutosha. Sasa nina neno dhidi yao. Hukumu yao ya kawaida ni kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe na za sasa hazina. Hukumu hiyo haisimami. Tunazikumbuka kanda zilizosalia, na zilisalia kwa kuwa zilipendwa; zile zilizokuwa dhaifu zilirekodiwa juu yake mahubiri, taarabu au mechi ya mpira, na hakuna anayezitafuta. Pia wazee wa miaka hiyo walilalamika kuhusu nyimbo hizihizi. Gitaa la umeme lilipoingia kanisani liliitwa muziki wa dansi, na yapo makanisa ambayo liligombewa kwa miaka. Kinachoitwa leo utakatifu wa zamani kiliitwa wakati wake kuiga dunia.

La uzito zaidi ni hili. Nyimbo nyingi zinazosakwa ni za maonyo: kifo kinachokuja usiku, Nuhu na mlango uliofungwa, Sodoma. Zilitungwa ili zimwondolee msikilizaji starehe. Msakaji anazitafuta ili zimrudishie starehe. Anapoipata kanda analia machozi, lakini anamlilia mama yake aliyekuwa akikaanga maandazi Jumapili asubuhi redio ikiwa dirishani. Utanzu umegeuka mikononi mwake: onyo limekuwa pembejezi. Mhakiki anaweza kulisema hili bila kejeli, kwani ushairi wote wa Kiswahili unafahamu safari hiyo. Wapo wanaoisoma Al-Inkishafi, shairi la kuikana dunia, kwa kuyatamani majumba ya Pate ambayo lenyewe linayasuta. Ila asiyeukiri mgeuko huo hawezi kudai kwamba anachokitetea ni ujumbe. Angekuwa anautafuta ujumbe, toleo lenye jibu la Ibrahimu na lile lisilo nalo lisingemtoa machozi kwa kiasi kilekile.

Mwalimu asiye na jina

Kanda nyingi hutaja kwaya na hazimtaji mtunzi. Mwalimu wa kwaya, ambaye alitunga maneno, akapanga sauti nne, akafundisha, na pengine akapiga gitaa, hubaki "mwalimu". Tuna mazoea ya kuisifu hali hiyo kama ujamaa wa sanaa ya mdomo. Wajane niliozungumza nao hawaioni hivyo. Nchini Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kwa hiyo nyimbo za miaka ya 1980 zina wenyewe kisheria, hata kama jina la mwenyewe halikuandikwa popote. Msakaji anayeigeuza kaseti kuwa faili na kuigawa anaokoa matini na anavunja haki kwa tendo hilohilo, mara nyingi kwa niaba ya kwaya ambayo yenyewe haina tena hata nakala moja. Sina suluhisho la jambo hili. Ninachojua ni kwamba wasakaji ndio wanaojua mwalimu alikuwa nani, maana humtafuta ili wamwulize, na walio hai wanazeeka.

Mama yule mstaafu hakuniruhusu niiazime kanda yake. Aliniambia niende na kinasa sauti changu, nikae, tuisikilize yote, pande zote mbili, bila kurukisha. Kabla ya kila wimbo alisimamisha redio, akanitajia aliyetunga, aliyeanzisha, na nani kati yao amekwisha kutangulia. Tulimaliza upande A saa kumi jioni. Upande B una nyimbo tano, mmoja wa Kinyamwezi, na katika huo wa Kinyamwezi alisimamisha redio katikati, akasema sauti ile inayopasuka kidogo kwenye ubeti wa tatu ni yake, na kwamba mwalimu alitaka warudie lakini kanda ilikuwa inakwisha.